Nyota Nilizozibandua

Mimi si mtu wa kusoma. Darasa la tatu, nikaenda kuchunga, basi. Lakini kazi naijua, na ukinipa kitu nikisafishe kitang'aa mpaka ujione ndani yake. Hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nimeingia Marekani juzi tu, nalala mtaa wa Adelphi, chumba kimoja na Mkongo aliyenitangulia miaka miwili. Yeye alikuwa akifua jezi za timu ya chuo, ule mpira wao wa kubeba mikononi na kuangushana. Akaniombea kazi palepale, chini ya jukwaa la uwanja, niwe naosha viatu, pedi za mabega na helmeti. Nilichukuliwa kwa majaribio. Mke wangu alikuwa bado Kenya, na karatasi za kumleta zilitaka niwe na kazi ya kudumu. Nikifukuzwa, yeye haji. Sikuwa na mambo mengine kichwani.

Nilianza msimu ukiwa katikati. Mechi sikuwa nimeona hata moja. Jumamosi watu wakiruka juu ya jukwaa, mimi niko chini, vumbi linanidondokea kichwani.

Ijumaa moja nikaletewa helmeti zote. Nikaona aibu. Watu wazima, chuo kikubwa, na helmeti zimebandikwa stika za nyota kila upande kama daftari la mtoto wa nasari! Nyingine zimechanika, nyingine zimeshika matope. Nikasema, hawa vijana hawana mama huku. Ningeuliza mtu, lakini mimi si wa kuuliza. Nikachukua maji moto, siki na kisu butu, nikabandua moja moja tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nikazipanga kwenye rafu kama sufuria za harusi, nikasimama mlangoni kungoja sifa.

Mkongo ndiye aliyeingia kwanza.

“Papa! Ulifanya nini?”

“Nimesafisha.”

“Ile manyota haziuzishwe ku duka! Kocha ndiye anabandikaka, mutu akifanya kazi muzuri ku mechi. Iko wapi sasa?”

“Kwenye ndoo.”

“Yesu wangu.”

Nikachungulia ndani ya ndoo. Ulikuwa uji wa gundi.

Wachezaji wakafika kwa mazoezi. Nahodha, jitu la mstari wa mbele lenye shingo nene kuliko paja langu, akachukua helmeti yake akaigeuza, akaigeuza tena. “Nilikuwa na kumi na moja,” akasema, polepole, kama mtu anayetaja ng'ombe walioibwa.

Kocha akaingia akauliza nani amefanya hivi. Mkongo akafungua mdomo anitetee, nikamwahi. “Ni mimi. Na nimesafisha vizuri.” Kiingereza changu kilikuwa kibovu, lakini hicho walikielewa. Mmoja nyuma akacheka.

Kocha hakucheka. Akawaambia vijana, “Nyota zilikuwa zenu, si zangu. Semeni nyinyi kama anabaki.” Akatoa boksi la nyota mpya, akaliweka mezani, akatoka. Kichwani nikamwona mke wangu kule Kenya akikunja nguo alizoshona za safari, akizirudisha kabatini.

Nahodha akanigeukia. “Umewahi kutuona tukicheza?”

“Hapana.”

“Hata siku moja?”

“Mimi naosha.”

Akakuna kichwa. Halafu akawaambia wenzake wapange foleni, kila mtu ataje nyota zake na wengine washuhudie. Weee! Kelele iliyozuka hapo!

“Saba.”

“Saba za nani? Ya saba ulipewa lini, ulipoangukia mpira ukikimbia nyuki?”

“Muulize mama yangu, alikuwepo!”

“Mama yako alikuwa anauza sura, hakuona kitu!”

Mimi nabandika, wao wanabishana. Wa mwisho alikuwa mchezaji wa akiba, mwembamba, huingizwa wengine wakichoka. Alikuwa na moja. Wenzake wakasema, mpe tatu, nani atajua? Akakataa. “Moja. Ile ya siku ya mvua.” Nikambandikia hiyo moja, nikaibonyeza kwa kidole gumba mpaka nikahakikisha imeshika.

Ndipo nahodha akatoa hukumu. “Abaki. Lakini kesho haoshi kitu. Atasimama kando ya uwanja na sisi, aone nyota inavyotafutwa.”

Nikasimama. Nikasikia mabega yakigongana kama milango ya stoo. Nikamwona nahodha akiinuka na majani mdomoni, anatema, anainama tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na sheria ya mchezo sikuijua hata moja. Tulishindwa siku ile. Msimu wenyewe hatukuleta kombe lolote. Lakini kila Jumamosi iliyobaki nilisimama pale na taulo zangu za kuwafutia jasho, wakawa wananijia, wanajifuta matope kwenye shati langu makusudi, wananitukana kwa upendo.

Baridi ilipoingia msimu ukaisha, nahodha akamaliza masomo, wa akiba pia. Hakuna aliyerudi kuaga chini kule, na sikuwalaumu. Mimi nikapata barua ya kazi, na miezi michache baadaye mke wangu akatua. Baadaye nikaegesha magari hotelini Alexandria, hukohuko Marekani, nikanunua teksi yangu, nikasomesha watoto wanne. Tangu hapo hakuna mtu aliyenishika mkono, nasema hivyo bila haya. Mke wangu akinikuta Jumamosi kimya dirishani husema, “Baba watoto, unalilia watoto wa watu.” Namwambia ndiyo, nawalilia.

Mwaka jana mjukuu alininunulia tiketi. Viti vizuri, juu kabisa, na kahawa. Nilishukuru, nikakaa mpaka mwisho. Lakini mimi sikutaka kiti. Nilitaka kuwa kule chini, taulo begani, kijana mwenye matope atoke mbio uwanjani, anyooshe mkono pembeni bila hata kunitazama, kwa kuwa anajua nipo.