Ufunguo wa Mzee Ngosa

Mzee Ngosa alifanya kazi kwenye tanuru la shaba hadi alipostaafu, kisha akajenga katika kijiji kimoja cha barabara ya Kipushi, pale ambapo wanaume hupanda lori alfajiri kwenda kazini Lubumbashi. Uani aliongeza vyumba viwili vya kupangisha. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunichosha kama yeye.

Mume wangu, Mwenze, alipofariki, nyumba ya kampuni ilipaswa kurudishwa. Shemeji zangu walikwisha kuamua: nikikosa pa kukaa, binti zangu watagawanywa, mmoja Pweto, mwingine Kasomeno. Nikavaa nguo zangu nyeusi, nikazipiga pasi vizuri, nikaenda kwa Mzee Ngosa.

Kwanza aliniuliza ukoo. Nikamwambia: mbuzi. Macho yakamng'aa. Yeye ni wa ukoo wa chui, na kwetu chui na mbuzi ni watani tangu zamani. Hutukanana hata msibani, na kukasirika ni mwiko.

«Kunda!» alimwita mke wake, majirani wote wakasikia. «Kuya uone! Mbuzi amekuya mwenyewe mu lupango, mu kiwanja ya chui! Ananuka, lakini nyama iko!»

Mimi nilisomeshwa na masista. Nilimjibu kwa Kifaransa, nikimwita citoyen, yaani mwananchi, kwamba nimekuja kwa ajili ya vyumba.

Uso ukamkunjamana. «Ah, bon. Funguo imepotea, madame. Murudie siku ingine.»

Nikarudi. Ufunguo ulikuwa kwa fundi. Nikarudi tena. Paa linavuja, akasema, na ilikuwa kiangazi, hata wingu hakuna! Mara ya mwisho nilikwenda alfajiri; aliniona kwa mbali, akaingia chooni na kujifungia. Mtu mzima! Na shemeji zangu walikuwa wanakuja Jumapili kuchukua watoto.

Kunda alinihurumia pale pale uani. «Mama, mutani alikusalimia, weye ukamujibu Kifaransa sawa polisi. Ulikatala bundugu yake, ule utani. Anangoya umutukane.»

«Mimi? Mjane wa Mwenze, nipige kelele mbele za watu?»

«Basi batoto baende Pweto.»

Barabarani watu walikuwa wanangoja lori, na miongoni mwao wawili waliofanya kazi na marehemu. Niliweka mkoba wangu chini, nikasimama mbele ya mlango wa choo.

«Ngosa! Chui gani anajificha mu choo juu ya kuogopa mbuzi? Ngozi ya babu yako ilikuwa mukeka ya bankambo, bazee betu ba zamani, na ilijaa viroboto! Toka! Hii nyumba ni ya mbuzi!»

Kicheko kikalipuka barabarani. Mlango ukafunguka, na Mzee Ngosa akatoka akifuta machozi ya kucheka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba. Muda wote huo!

«Sasa unasema sawa muntu,» akasema, akanivisha ile kamba.

Jumapili shemeji zangu walikuta mapazia yamekwisha kutundikwa. Waliondoka mikono mitupu.

Lakini tangu siku hiyo, kila alfajiri, Mzee Ngosa ananiita mbuzi mbele ya wangoja lori wote, na sina budi kumjibu. Waliomfahamu Mwenze, naomba muelewe: ni desturi, si malezi yangu. Jana binti yangu mdogo alimjibu kabla yangu, kwa tusi ambalo sijui hata alilitoa wapi.