Kabati Lenye Mlango Mmoja Unaong'aa

Ulevi siutetei, na mlevi simpambi kwa maneno matamu. Shemeji yangu, fundi seremala, alikuwa mlevi wa kulala mlangoni, watoto wakimruka kwenda shule. Leo nikimtaja nashukuru, na sababu ninayo.

Alipoomba mwenyewe kutibiwa, mkewe, ambaye ni mdogo wangu, alimpa sharti moja: akirudia pombe, yeye na watoto watahama. Daktari akamwandikia vidonge vya kumsaidia kuacha, akamwonya kwamba akichanganya na kileo chochote ataugua vibaya, pengine afe. Akamkataza hata dawa za kikohozi zenye kileo na marashi ya kupaka baada ya kunyoa.

Jirani mmoja alimshauri mdogo wangu amtilie mumewe dawa kwenye chai kimyakimya, kwa kuwa walevi hawaaminiki. Alikataa katakata.

"Mume wangu si panya wa kutegewa," alisema.

Basi kila asubuhi alimpa kidonge mkononi, watoto wakiona.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Hata ng'ombe mnadani hakaguliwi hivi."

"Ng'ombe hajawahi kuuza redio yangu."

Shemeji alicheka, akaenda kazini.

Siku moja kulikuwa na kabati la nguo lililotakiwa haraka. Vanishi ya karakana yao huyeyushwa kwa spiriti, na desturi yao ni kufunga milango na madirisha yote wakati wa kuipaka, vumbi la mbao lisinase. Shemeji alijifungia humo na brashi yake. Alipomaliza mlango wa kwanza akatoka akiyumba, uso umeiva, anatapika, ameshika kifua. Mwenzake wa kwenye randa, ambaye wenzake humwita Kelele, akatangaza karakana nzima isikie: "Fundi karudi kwenye chupa. Mnuseni."

Akamleta nyumbani akimkokota. Nilikuwapo. Kweli shati lote lilinuka spiriti.

"Mama watoto, sijaonja," shemeji alisema akihema.

Mdogo wangu alitazama sanduku la safari lililokuwa juu ya rafu. Mimi pia nililitazama. Kisha akanyoosha mkono, akachukua pakiti ya dawa iliyokuwa kando yake.

"Kaka, tafuta gari. Maneno baadaye."

Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Mdogo wangu alijibu bila kubabaika: kidonge kimoja, asubuhi ya leo, kamkabidhi yeye mwenyewe na kumwona akimeza. Akaweka pakiti mezani. Walimtundikia maji, wakamfunga mashine ya kupima moyo, na alipotulia daktari akamuuliza alikuwa anafanya nini.

"Napiga vanishi."

"Madirisha wazi?"

"Yamefungwa. Vumbi, daktari."

"Ile spiriti ni kileo, bwana fundi. Umeivuta kwa pua, ikaenda kukutana na kidonge."

Shemeji akamgeukia mkewe. "Katika ulevi wangu wote, vanishi sikuwahi kuinywa."

Mdogo wangu alicheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio.

Daktari alisimamisha dawa mpaka damu na ini vipimwe, kisha akairudisha kwa kipimo alichoamua mwenyewe. Alimkanya shemeji asijipunguzie wala kujiongezea, na asikanyage tena chumba cha vanishi.

Namshukuru daktari huyo kwa kuuliza. Namshukuru hata Kelele, aliyeomba radhi kwa sauti ileile aliyotangazia, akaichukua kazi ya vanishi, madirisha wazi. Lakini zaidi namshukuru mdogo wangu kwa kuikataa ile chai. Anayemtilia mwenzake dawa kwa siri atapata wapi uso wa kumjibu daktari? Na mgonjwa mwenyewe, asiyejua alichomeza, atajihadhari na nini?

Mteja alilikataa kabati kwa kucheleweshwa. Mlango mmoja unang'aa, wa pili ni mbao kavu. Sasa liko chumbani kwao, na lile sanduku limewekwa ndani yake, limejaa nguo zilizowabana watoto. Juzi nilimuuliza shemeji kabati litabaki hivyo mpaka lini.

"Mimi nimekatazwa, shemeji. Namngoja mtu asiyekunywa kitu chochote."

Mtu huyo ni mimi. Brashi nimeshanunua, na kabati tutalitoa uani, vumbi linase lipendavyo.