Dawa ya Printa

Baba mkwe alikuwa karani wa masjala, na kompyuta yetu ya nyumbani ameshaigeuza masjala. Faili asilolijua hasumbuki kulifungua. Hufuta kibodi kwa leso, husogeza miwani hadi inakaribia kugusa kioo, kisha kwa kidole kimoja hulibatiza jina analoliona la maana. Siku tatu mfululizo nimepakua sasisho la printa kwenye flashi na kuiacha kwenye kompyuta usiku kucha, siku tatu printa inalikataa, na barua yangu ya kuomba kazi lazima ichapwe leo. Nilipofungua flashi nikakuta Dawa ya Printa ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu.

"Baba, printa inalitafuta kwa jina lake lilelile. Umenimaliza."

"Lile halikuwa jina, mwanangu. Matarakimu matupu."

"Na bando limeisha. Jina lenyewe nitalitoa wapi?"

Akatoa daftari kwenye mfuko wa shati, akalamba kidole, akafunua. Majina yote ya zamani yalikuwemo, herufi kwa herufi, na tarehe pembeni. Akanisomea taratibu, nikaandika, printa ikakubali.

"Siku tatu unanuna tu," alisema akifunga daftari. "Kuuliza hujauliza."