Macho Nyuma ya Miwani

Mke wangu alikuwa na macho mazuri, na sikuwa na picha hata moja ya kuthibitisha. Miwani yake ilikuwa minene, na kila alipopigwa picha, penye macho palitoka mng'ao mweupe. Picha ya harusi, mng'ao. Ya kitambulisho, mng'ao. Miaka miwili baada ya kumzika nilianza kuyasahau macho yenyewe, na hilo liliniuma kuliko msiba.

Alikuwa fundi wa maabara chuoni. Huko waliunda kamera ya ajabu: inapiga mara moja tu, kupitia karatasi nyeusi ya plastiki yenye matundu maelfu yaliyotawanyika. Unachopata ni ukungu mtupu. Lakini kompyuta ikijua kila tundu limekaa wapi, inaufumua ule ukungu kama mimi fundi cherehani ninavyofumua pindo: rangi moja moja, kisha mwanga unaoruka juu ya kioo unawekwa mbali na ule unaotoka nyuma yake.

Kazi ya kutoboa ilikuwa yake. Loo, karatasi ya kwanza aliiharibu! Mtu aliyekunja hata matambara ya deki angewezaje kutawanya kitu? Alipanga matundu kama vifungo vya shati, picha ikatoka na mistari.

"Mama, umenyoosha mno," profesa alimwambia. "Nataka ovyo."

Akarudi nyumbani kanuna. "Eti ovyo! Ovyo si wewe na vitambaa vyako? Haya, mume wangu, kaa hapa urushe sarafu."

Jumapili tatu nzima nilirusha. Ikilala kichwa, anatoboa. Ikilala nyuma, anaruka. Nikisinzia, napigwa teke chini ya meza. Nilinung'unika wee, mjinga mimi. Leo ningerusha mpaka mkono ung'oke.

Kamera ilipokamilika, yeye ndiye waliyemkalisha mbele yake kwa picha ya kwanza ya mtu. Nilikuwapo, nimemfuata twende nyumbani. "Tazama kamera, mama, usitikisike," profesa akamwambia. Kabla ukungu wake haujafumuliwa, mradi ukafungwa, na kompyuta ikafa pamoja na ramani ya matundu. Picha ya mke wangu ikabaki ukungu.

"Ukungu ninao," profesa aliniambia nilipomwendea baada ya msiba. "Lakini bila ile karatasi aliyoondoka nayo mradi ulipofungwa, mzee wangu, hapana kitu."

Nilipekua nyumba nzima, nikapindua hata godoro. Mwezi uliopita nikaikuta katikati ya karatasi zangu za kukatia suruali, imelazwa bapa, haina kunjo hata moja. Nani mwingine angeiweka hivyo? Nililia pale pale sakafuni.

Jana profesa akaniita, akawasha skrini. Uso ulikuwepo, na ule mng'ao wangu wa siku zote. Akabonyeza, ukafifia. Akabonyeza tena, ukatoweka.

"Samahani, mzee," akasema. "Naona hakutazama kamera."

Kweli, hakuitazama. Mtu wa kunyoosha kila kitu, siku hiyo hakusikia la profesa. Macho yote mawili yalikuwa yamegeukia mlangoni, yanacheka, pale niliposimama mimi na mkoba wake begani.