Bi Zuwena Aikataa Risala Yake

Usiku ule nililala nimekasirika. Risala niliyotakiwa kuisoma kesho yake ilikuwa imerudishwa mara nne, na mara nne nilikuwa nimeiandika upya. Klabu yetu ya taarab asilia, hapa Unguja, ilikuwa imeandaa kumbukizi ya mwaka mmoja tangu kufariki Bi Zuwena, mwimbaji aliyenifundisha kuimba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyasimulia maisha yake. Ingekuwa kazi nyepesi asingekuwapo Hafidh, mwanawe wa pekee. Kila nikimpelekea karatasi, simu inalia.

"Bi Saumu, hapo penye talaka pafute."

"Bi Saumu, hilo la kugombana na mpiga fidla lina haja gani?"

Na jioni ile: "Bi Saumu, andika kwamba mama aliacha kuimba miaka saba ili anilee mimi."

Hili la mwisho lilinichoma, maana yeye anajua na mimi najua kuwa si kweli. Lakini nilikwishachoka. Nikaandika alivyotaka, nikaikunja ile karatasi, nikazima taa.

Basi nikamwona. Hakuwa amevaa nguo nyeupe wala hakuwa na nuru usoni, kama wanavyosimulia watu. Alikuwa jikoni kwangu, amefunua sufuria yangu ya mchuzi, anaonja kwa kiganja cha mkono, na amekunja uso. Ni uso uleule aliokuwa akinikunjia kila nilipovuta pumzi katikati ya neno. Miaka mingi alinifundisha, na hata siku moja hakuniambia "vizuri". Akiridhika sana alikuwa akisema "haya", basi.

"Soma," akaniambia.

Nilitaka kumwuliza nisome nini, lakini karatasi ilikuwa tayari mkononi, na jikoni hapakuwa jikoni tena. Tuko ghorofani klabuni, mchana kweupe, madirisha yote yako wazi. Wapigaji wameshakaa na vyombo vyao, waliokufa na walio hai wamechanganyika, na hakuna anayeshangaa. Mpiga kanuni anakaza nyuzi zake, anakaza, hamalizi. Nami nasoma.

Nasoma kwamba alianza kuimba akiwa msichana, nyuma ya pazia, kwenye harusi za jamaa, kwa kuwa baba yake hakutaka aonekane. Anatikisa kichwa, anakubali. Nasoma kwamba sauti yake ilikuwa zawadi. Ananyanyua kidole.

"Zawadi? Mstari mmoja nilikuwa naurudia mpaka majirani wanagonga ukuta. Soma."

Nasoma kwamba alikuwa mpole, hakupata kugombana na mtu. Mpiga fidla, Mungu amrehemu, akaangua kicheko mpaka fidla ikamteleza begani. Bi Zuwena hakucheka.

"Nani huyo unayemsoma?"

"Ni wewe, bibi."

"Simjui."

Hapo nikapandwa na hasira. "Bibi, nimeandika mara nne! Mwanao hataki, kamati haitaki, na sasa wewe mwenyewe hutaki. Basi shika, uisome wewe!"

Alipokuwa hai sikuthubutu kumpandishia sauti. Hata yule mpiga kanuni akaziacha nyuzi zake.

"Haya," akasema Bi Zuwena.

Na klabu haipo. Niko kwenye kichochoro cha nyumba ya mumewe, nina miaka ishirini na mbili, nimevaa gauni jipya. Bwana yule alimwoa kwa kuwa alimsikia akiimba, na wiki ya tatu ya ndoa akamkataza kuimba mbele ya watu. Wakati huo sauti ya Bi Zuwena ilikuwa ndiyo kwanza imekomaa. Klabu ilituma wazee wakamsihi. Bwana akawapa kahawa, akawajibu kwamba mke wake si wa klabu. Ndoa ile ilidumu miaka saba, na kwa miaka saba hakuna aliyemsikia. Alipopewa talaka alirudi jukwaani wiki hiyohiyo, Hafidh wake amemshika mkono.

Nyimbo zake nilipewa mimi. Kila nilipokwenda kuimba nilikuwa nazunguka njia ya mbali, nisipite chini ya dirisha lake. Lakini katika ndoto kichochoro hakina njia nyingine. Nikienda mbele nalikuta dirisha, nikirudi nyuma nalikuta lilelile, naye amesimama ndani yake, kijana, mikono juu ya nondo.

"Hapo sasa," anasema. "Hapo soma."

Naiangalia karatasi. Imeandikwa: Sote tulimkosa sana katika miaka hiyo.

"Wewe ulinikosa?"

Nataka kusema ndiyo. Nasimama pale na gauni langu jipya, na yeye anangoja kama alivyokuwa akiningojea nipate sauti sawasawa.

"Hapana, bibi," nikasema. "Nilifurahi."

Hakukasirika. Alishusha pumzi tu, kama mtu aliyechoshwa na mwanafunzi aliyechelewa kufahamu jambo jepesi.

"Najua. Nilikuwa nakusikia redioni, unakata pumzi katikati ya neno. Nikatamani kuivunja ile redio."

Kisha akasogea karibu na nondo, akasema taratibu:

"Mimi sikuacha, Saumu. Niliachishwa. Waambie hilo. Na hilo lako, waambie pia."

Akavuta dirisha. Nikazinduka.

Kulikuwa kumekucha. Sikunawa uso, nilimpigia Hafidh palepale, nimejiandaa kwa ugomvi.

"Nimemwota mama yako."

"Kasemaje?"

Nikamwambia yote, hata lile la kwangu.

"Bi Saumu," akasema, "alikuwa akiimba jikoni. Anafungua mfereji kwanza, maji yaingie kwenye ndoo kwa kelele, ili baba asisikie. Mimi nikikaa mlangoni. Nilikuwa nikidhani kila mama huimba hivyo."

"Sasa mbona ukanihangaisha mara nne?"

"Kwa ajili ya baba. Ndugu zake watakuwapo pale."

"Nisiandike?"

"Andika. Na la mfereji litie."

Alasiri ile nikayasoma yote. Nilipofika kwenye furaha yangu ukumbi uliguna, na waimbaji wenzangu wawili wakainamisha nyuso. Nilipofika kwenye neno "aliachishwa", ami yake Hafidh akainuka, akachukua kofia yake akatoka, na wengine watatu wakamfuata. Hafidh hakugeuka kuwatazama. Alibaki kwenye kiti chake cha mbele, macho kwangu, akanipungia mkono niendelee.