Mama Aliyetembea na Mfiwa Hadi Mtoni

Msomaji wangu, Bibi Maendeleo wetu wa kijiji cha Mahurunga amefariki. Habari nimepewa na jirani yake sokoni Magomeni, nikiwa nachagua muhogo, na sikuona haya kulia mbele ya wauzaji. Kisha nikacheka, maana marehemu angenikaripia nisimlowanishie mtu bidhaa yake. Siku hizi mijini wapo wanaoitwa makocha wa maisha, wanaowapeleka watu ufukweni wapumue polepole, wasikilize ndege na kupona majonzi. Siwabezi. Nasema tu kwamba enzi za ujamaa tulikuwa na wa kwetu, mama wa Kikristo kutoka nyanda za juu, aliyeletwa na serikali kutufundisha lishe na usafi, mwenye sauti ya kuongozea gwaride.

Nilikuwa mwalimu kijana kijijini hapo mwaka ambao mamba alimchukua mtoto wa mkulima mmoja mtoni Ruvuma. Baba yule aliacha kusema, akaacha jembe, akawa anashinda mlangoni ameupa mto mgongo. Shamba letu la pamoja la mpunga lilikuwa bondeni, kando ya mto huohuo, na asiyelima hakupata mgawo. Kijiji kilivumilia, kisha kikachoka. "Ndugu zangu, msiba tumeulilia wote," mwenyekiti akasema mkutanoni. "Lakini kupandikiza kukifika naye hajashuka bondeni, nyumba yake haimo kwenye mgawo." Mkewe, aliyeketi mkekani na watoto waliobaki, akainamisha kichwa. Bibi Maendeleo akasimama: "Ndugu Mwenyekiti, niachie mimi. Nitamshusha." Watu wakaangua kicheko. "Una dawa gani, mama? Hirizi?" akauliza mmoja. "Nina miguu," akajibu.

Basi kila asubuhi, kabla ya ngoma ya kazi, wakawa wanatoka watatu: yule baba, mkewe, na yeye. Mikorosho ilikuwa inachanua. Mama alimpa baba ua anuse, alimshikisha gamba la mti, alimuuliza yule ni ndege gani, kisha wakaendelea na njia. Siku moja nilifuatana nao, nikaanza kutoa mawaidha juu ya subira. "Mwalimu, hapa si darasani," mama akanikatiza. "Funga mdomo, fungua masikio." Nikafunga. Tulisikia upepo majanini, na kwa mbali, maji. Yule baba akaupa mto mgongo tena. Mama hakumsukuma. "Leo tumefika hapa. Turudi tukanywe uji." Kesho yake walisogea mbele kidogo. Waliendelea hivyo mpaka korosho zikaokotwa na mvua zikaanza, na asubuhi moja, bila kuulizwa, baba akamnyooshea ndege kidole akasema, "Mdiria yule." Mkewe alirudi kijijini akikimbia kutuambia, utadhani kapata mtoto mwingine.

Siku ya kupandikiza, kijiji kizima kilikuwa bondeni, matope magotini, macho yote juu ya njia. Wakatokea. Ukingoni mwa shamba baba akasimama, miguu ikagoma. Nilikuwa karibu, nikamsikia mama akimwambia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Baba, mimi kwetu milimani hakuna mamba. Naogopa kuliko wewe. Twende tukaogope wote." Baba akamtazama kwa mshangao. Kisha akashuka, mama kando yake, akapita katikati yetu hadi majini, akanawa uso na miguu, akarudi akapokea miche mikononi mwa mkewe. "Nipishe," akasema, akainama kupanda. Vigelegele vilivuka mto hadi ng'ambo. Mwenyekiti alipiga makofi mpaka matope yakamrukia usoni. Na mama yetu? "Mpunga haupandwi kwa vigelegele!" akafoka, huku machozi yanamtoka.

Wakati wa mavuno, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyebeba gunia la nyumba ile begani hadi mlangoni. Wenzangu, tuna haraka ya kumwambia aliyeanguka ajikaze. Bonde lilelile lililomuumiza baba yule ndilo lililomponya, kwa sababu alipata mtu wa kushuka naye.