Pasi ya Mwisho ya Imants

Nakumbuka jioni moja hapahapa Guangzhou, mwanangu, nilipokaa ukumbini kutazama mpira wa kikapu, mchezo ambao hata leo siuelewi vizuri, nikalia mbele za watu. Usicheke, ngoja nikusimulie.

Siku hizo nilikuwa mwanafunzi, na nisipokuwa na masomo niliwatafsiria wanunuzi wa jinzi kule Xintang. Ndiko nilikokutana na Imants, Mlatvia mrefu ambaye suruali za madukani zilimwacha miguu nje. Alikuja kushonesha. Laoban, yaani bosi wa karakana, akampima mguu, akarudia kupima, akasema hiki ni kitambaa cha watu wawili. Tukacheka, urafiki ukaanzia pale.

Imants alichezea timu ya hapa. Kazi yake ilikuwa kuuleta mpira na kuwagawia wenzake. Alikuwa amezunguka nchi nyingi, karibu kila msimu mkataba mpya, na sanduku lake hakulifungua lote popote. Kwa umri alikuwa bado kijana, ila kwa mchezo ule alishazeeka, na goti lilimsumbua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alipewa siku ya kwanza. Mchezaji wa kigeni huletwa afunge, asipofunga sana huletwa mwingine katikati ya msimu. Imants aliniambia anataka jambo moja tu: amalize msimu huu na wenzake, kisha apumzike.

Jioni ile ya ukumbini, huyo mwingine wa kuchukua nafasi yake alishafika. Alikaa mstari wa mbele pamoja na wakubwa wa timu, na Imants alimwona. Nilimwonea huruma.

Mchezo ukafika ukingoni, timu yake ikiwa nyuma kidogo tu. Watu wawili wakamkaba. Nikasema moyoni, rusha mwenyewe, baba, uokoe kazi yako. Akampasia kijana wa Kichina aliyesimama peke yake kando. Kijana akarusha, akakosa, na mchezo ukaisha. Hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake wakamwambia afungashe. Nilipompelekea suruali zake nilimkuta uwanja wa mazoezi na yule kijana. Kijana anarusha kutoka palepale alipokosea, Imants anaokota mpira na kumrudishia. Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini hakurusha yeye.

"Mimi nilikuwa na watu wawili," akasema. "Yeye hakuwa na mtu."

"Na sasa umefukuzwa."

"Huenda wangenifukuza hata ningefunga. Lakini ningemnyima jana, asingeninyooshea mikono tena."

Akachukua suruali, akanishukuru, akaendelea kuokota mipira.

Mwanangu, nasikia ofisini kwenu, jengo la Tianxiu, ameletwa mtu mpya, nawe umeanza kuwaficha wenzako wateja. Hofu yako naijua, wala sikulaumu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ni ya mwenye kazi, atakupa na atakunyang'anya. Jinsi ulivyoifanya ni yako, hiyo hakuna atakayeletwa kwa ndege aibadilishe. Aliye peke yake mpe mpira, hata kama aliyekuja kuchukua kiti chako anakutazama.

Mungu akupe mkono usiobana, mwanangu, na popote utakapofungasha sanduku, wabaki watu wanaokunyooshea mikono.